Nilivyomshauri Wambui Asome Uhandisi

Leo nimeokoa masomo ya mpwa wangu Wambui, huku Kinoo.

Msichana anataka kusomea fasihi chuo kikuu. Mama yake, dada yangu, anataka uhandisi, ndiyo maana akaniita nimshawishi.

Nikawaeleza vile nilishikilia daraja la Mountain View kwa jeki mbili, wahandisi wakienda kunywa chai.

Mnalijua lile daraja. Bado limesimama.

Dada alisikiliza mpaka maziwa aliyoweka jikoni yakafurika na kuungua.

Wambui akamuuliza, "Mama, si anko aliacha shule darasa la saba?"

"Najua."

"Na bado maziwa yameungua ukimsikiliza. Hiyo nguvu ya hadithi ndiyo nataka kusomea."

Dada akazima jiko, akasema, "Basi jaza fasihi kwenye fomu."

Sasa semeni ukweli. Bila mimi angekubaliwa na mama yake?