Kariakoo Hawapishi Mgonjwa

Msukuma mkokoteni wa mtaa wetu ana viganja vigumu kama soli, na kila asubuhi kabla ya kupakia huminya tairi kwa kidole gumba kama anayechagua parachichi. Honi hana, ana koo. Juzi mpakiaji mmoja alidondoka kutoka juu ya marobota ya mitumba, akavunjika paja. Gari la wagonjwa likakwama barabara kubwa, maana huku ndani meza za wamachinga zimeziba njia. Watu wakataka kumbeba kwa kumshika mikono na miguu. Msukuma mkokoteni akawazuia: “Mwacheni! Mtammaliza.” Akaufunga mguu kwa ubao, tukamwinua kwa pamoja, tukamlaza mkokotenini juu ya maboksi. Shadya wa duka la vitenge akatangulia: “Pisheni jamani, mgonjwa!” Badala ya kupisha, watu wakasogea kuchungulia, simu juu. Jamaa wa mkokoteni akamshika bega. “Dada, rudi nyuma. Kariakoo hawapishi mgonjwa.” Akamfunika majeruhi turubai hadi kidevuni, akashika mkokoteni wake, akapaza sauti: “Mafuta! Mafuta machafu hayo, utachafuka!” Mtaa mzima ukajibana ukutani, tukapita.