Wasifu wa Mama, Mama Akiwa Hai

Mwaka juzi tulimzika jirani yetu wa Chiwata, mzee ambaye kijiji kizima kilimjua kwa ugomvi. Aligombana na ndugu zake kwa mpaka wa shamba, akagombana na padri kwa saa ya misa, na mbuzi wa watu hawakuthubutu kukatiza uani kwake. Siku ya maziko ukasomwa wasifu. Tukaambiwa marehemu alikuwa mpenda amani, mlezi wa vijana na mdau wa maendeleo. Mtani wake, bibi mmoja wa Kiyao, akasimama akawauliza wafiwa kama wana hakika kwamba aliyemo kwenye jeneza ni wa kwao, maana huyu anayesomwa hamfahamu. Huku kwetu mtani msibani hana wa kumkemea. Watu walicheka, wafiwa nao wakacheka.

Mama yangu hakucheka. Wakati tunarudi akaniambia anataka wasifu wake uandikwe mapema, asomewe akiwa mzima, kwa sababu mwenye habari zake ni yeye na siku hiyo hatapewa nafasi ya kusahihisha.

Kazi ikaniangukia mimi, kwa kuwa ndiye mwandishi wa ukoo. Mwandishi kwa maana ya kwamba nilifundisha shule ya msingi pale Masasi mpaka nikastaafu kwa hiari kabla ya umri, na nimetoa vitabu viwili vya hadithi ambavyo nakala zake nyingi bado ninazo chini ya kitanda.

Nikafungua faili la pamoja kwenye simu, lile ambalo kila mtu anaandika alipo na wenzake wanamwona. Tuko watatu: kaka yetu mkubwa, bosi katika ofisi moja Dar es Salaam na mzee wa kanisa; mimi; na mdogo wetu wa kike, mwalimu kule Newala. Sentensi yangu ya kwanza ilisema ukweli, kwamba mama alitusomesha kwa uraka. Kwa asiyetoka huku, uraka ni kinywaji cha mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Unakamua maji yake, unayaacha yachachuke, na wanywaji wanaijua njia ya kwako bila kuelekezwa. Baba alifariki tukiwa wadogo. Msimu wa mabibo uani kwetu palijaa kuliko kanisani, na ada zetu zilitoka kwenye ndoo zile.

Nikiwa bado naitazama sentensi yangu, ikaanza kuliwa herufi moja moja kutoka mwisho. Kaka alikuwa Dar anafuta. Baadaye mdogo wetu akairudisha kutoka Newala. Kaka akafuta. Mdogo wetu akarudisha. Tulikwenda hivyo wiki nzima na hakuna aliyempigia mwenzake simu. Zamani ndugu waligombana mpaka majirani wakaja kuamua; siku hizi tunagombana kimya, kila mtu na kikombe chake cha chai, na jambo hilo linaitwa ushirikiano.

Hatimaye kaka akapiga. Alisema siku ya maziko huenda askofu akawepo, na wakubwa wa kazini kwake watakuwepo, na yeye hawezi kuwaketisha watu wa namna ile wasikilize habari za pombe ya kienyeji. Akapendekeza tuipe kazi akili mnemba, kwa kuwa haina upande. Ikamaliza kabla sijaipata miwani yangu. Mama akawa "mjasiriamali mbunifu katika sekta ya usindikaji wa matunda, aliyegusa maisha ya wengi." Kaka alifurahi sana. Mdogo wetu alituma vikatuni vya kucheka mpaka kutoa machozi. Mimi, kusema kweli, niliona wivu, maana katika vitabu vyangu vyote viwili sijawahi kuandika kitu ambacho kaka amekipenda.

Jumamosi nikaenda Chiwata kumsomea mama. Alikuwa anachambua mbaazi. Akaacha, akajifunga khanga vizuri, akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Huyo mama alikuwa mtu mzuri," akasema. "Amefariki lini?"

Nikamweleza mambo ya askofu na wakubwa wa kazini. Akarudi kwenye mbaazi zake. Alisema miaka yote ile alikwenda kanisani na gauni lenye madoa ya mabibo, na madoa ya mabibo hayasikii sabuni, kwa hiyo padri aliyaona, wazee wa kanisa waliyaona, na waliokuja kunywa kwa kujificha waliyaona vizuri zaidi. Sasa anafichwa nani?

"Mkiuondoa uraka," akasema, "mimi sikufanya kazi yoyote. Nilikaa tu, mkajisomesha wenyewe."

Maneno hayo yaliniuma. Niliporudi Masasi nikaiambia ile mashine iache kuandika, iniulize maswali ya kumuuliza mama. Na hapo, lazima nikiri, ikawa mtu wa maana. Ilitaka kujua nani alimfundisha kazi, alijuaje kwamba uraka umeiva, mlevi msumbufu alimtoaje uani, na siku ambayo hapakuwa na mteja alikuwa akiwaza nini. Jumamosi iliyofuata nikampelekea maswali.

"Huyo anayeuliza ni mtoto wa nani?" mama akataka kujua.

Nikamwambia hana baba wala mama.

"Ndiyo maana ana nafasi ya kusikiliza."

Akaanza kueleza, na alieleza mpaka kivuli cha nyumba kikavuka ua. Alicheka peke yake katikati ya maneno, akaigiza wateja waliokwisha kufa, akaingiza Kimakua pale Kiswahili kilipomchelewesha. Nimeandika vitabu viwili kuhusu watu ambao hawakuwahi kuishi, na hakuna hata swali moja kati ya yale ambalo niliwahi kumuuliza mama yangu.

Sentensi ya uraka aliitunga mwenyewe, akanirudisha nyuma kuisahihisha mpaka akaridhika. Kisha akaagiza kwamba atakayesoma siku hiyo ni kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa, na Krismasi akija aje afanye mazoezi. Mdogo wetu, aliposikia, akaingia kwenye faili akamwondolea kaka uwezo wa kufuta. Akamwachia ruhusa ya kusoma tu.

Krismasi kaka akaja na familia yake. Baada ya pilau mama akamwambia asome. Kaka akasimama na simu yake, akaanza kwa ile sauti yake ya kusomea matangazo ya kanisa. Kwenye simu paliandikwa: "Alikamua mabibo, akauza uraka, na kwa uraka huo akasomesha watoto watatu, wa kwanza akiwa huyu anayewasomea." Mdomoni kwa kaka ikatoka: "Alijishughulisha na usindikaji wa matunda."

"Sijasikia," mama akasema.

Kaka akakohoa. Akatutazama mimi na mdogo wetu. Sisi tukatazama sahani. Ikambidi aisome kama ilivyo, kwa sauti ndogo, na alipofika kwenye "huyu anayewasomea" sauti ikamkatika. Akavua miwani.

"Sijasikia, baba. Rudia hapo."

Akarudia. Safari hii alisoma kwa nguvu, machozi yakimtoka mbele ya mke wake na watoto wake, mpaka waliokuwa wakipita njiani wakageuka. Mdogo wetu alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia. Mama alikuwa amefumba macho, mikono ameiweka mapajani.

Masikio ya mama hayana tatizo lolote. Akiwa jikoni anasikia korosho ikidondoka kwenye shamba la jirani.