Ukurasa wa Upepo Ndani ya Sashe

Mwenzangu wa kazi ana tabia moja iliyokuwa ikinichosha: haamini kitu chochote eti kwa sababu kimefunguka vizuri kwenye kompyuta. Sisi wawili tunatengeneza tovuti hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Ile tuliyowatengenezea wavuvi, ya kuwaambia kila alasiri kama upepo wa ziwani utakuwa mkali, mimi niliona imekamilika. Ilikuwa na ramani inayosogea, mishale ya buluu ikicheza juu ya maji. Niliipenda, sifichi.

Yeye alikuwa na sababu ya kutoniamini. Kaka yake huvua ndagala kule Mboko, na ukurasa usipomfungukia, anaingia ziwani bila kujua kinachomngoja.

Basi akapanda pikipiki mpaka Mboko. Kwenye simu ya kaka yake, yenye kivinjari cha zamani, ramani yangu ilitoka nyeupe tupu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Aliporudi aliiondoa, akabakiza kitufe kimoja tu cha kufungulia habari za siku. Nilinuna. Akaenda Mboko tena, na kitufe nacho kikakataa.

“Simu ya kaka ilikufa?” nilimuuliza.

“Haikufa. Iko mu sashe.”

Nani huku asiyejua jambo hilo? Wavuvi wetu hufunga simu ndani ya sashe, yaani mfuko wa plastiki, wakaukaza kwa utepe wa mpira wa baiskeli, maji yasiingie. Hawaitoi hata wakiwa nchi kavu. Wanabonyeza juu ya plastiki hiyo hiyo. Kidole kinateleza, na kitufe chenye ukubwa wa punje ya muhindi hakishikiki. Mimi na masomo yangu yote, sikuwahi kufundishwa habari za sashe.

Siku hizo nilimtazama akifanya kazi, nikamheshimu kwa moyo wote. Alifunga simu yake mwenyewe kwenye plastiki, akailowesha, akatoka nayo juani, akajaribu, akarudi, akabadilisha, akatoka tena. Mwishowe kitufe kikaondoka kabisa. Ukifungua tu, neno la siku ndilo hilo, kwa herufi zinazojaza kioo.

Alasiri moja ziwa lilikuwa limetulia, hakuna hata wingu, nasi, kwa kufuata utabiri wa hali ya hewa, tukaandika: LEO MUSITOKE. UPEPO MUKALI. Hata mimi nilisita. Nani angetuamini?

Jioni upepo ukashuka kutoka milimani, mabati ya ofisi yakaanza kugonga. Mwenzangu akampigia kaka yake, mtandao hakuna. Akapiga tena na tena. Niliogopa kumtazama usoni.

Asubuhi simu yake ikalia.

“Dada, tuko ku inchi kavu,” kaka yake alisema. “Tulisoma. Bote tulibakia.”

Mwenzangu akaketi chini. Kaka yake akaendelea:

“Lakini ile maandiko iko kubwa sana! Munawaza siye tuko bazee?”

Akacheka huku machozi yakimtoka, akamwahidi kwamba atazipunguza herufi. Hajazipunguza mpaka leo, na mimi ndiye niliyemkataza.