Tafadhali Endelea

Baba mkubwa wetu alikuwa mkuu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na mitatu. Alipostaafu, cheo hakikustaafu naye. Ukoo mzima tunamwita Mkuu mpaka leo. Miezi ya kwanza ya kustaafu aliitumia kumkagua mama mkubwa. Alikagua sufuria, akakagua kamba ya nguo, akamwelekeza mwanamke aliyepika miaka thelathini namna bora ya kumenya kitunguu. Kwa hiyo binti yao, muuguzi anayefanya kazi ng'ambo, alipopiga simu kusema baba aende akakae naye, mama mkubwa alianza kufunga sanduku kabla simu haijakatwa.

"Wewe ni msomi," alimwambia mumewe wakiagana. "Huko ujifunze kila siku kitu kimoja. Kimoja tu, kichwa kisije kikapasuka. Halafu unipigie uniambie."

Mkuu alilichukua jambo hilo kiofisi. Alinunua daftari, akachora mistari kwa rula: tarehe, somo, maelezo.

Siku ya kwanza alijifunza dirisha. Dirisha la huko lina mpini mmoja wenye tabia mbili: ukiuzungusha nusu, linafunguka kama mlango, ukiuzungusha wote, linakuinamia kwa juu. Mkuu aliuzungusha wote. Kioo kilipomjia, aliamini amevunja nyumba ya watu, akakishika kwa mikono miwili, akasimama hivyo mpaka binti aliporudi kutoka kazini. Kwenye daftari aliandika: "Dirisha. Limeeleweka." Siku ya pili alijifunza kwamba mapipa ya taka yako manne na ganda la kiazi lina pipa lake. Siku ya tatu, kwamba kwenye lifti hakuna anayeitikia salamu, hata ukimwuliza habari za watoto wake.

Binti akamtafutia kazi ya usafi kwenye jengo la ofisi, Mkuu akakabidhiwa ghorofa ya tatu. Ukimwuliza yeye, alikuwa "upande wa utawala." Kila siku saa saba mchana alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya chumba cha mifagio, akapiga simu nyumbani kutoa ripoti.

Mambo yaliharibika binti alipohamishiwa hospitali ya mji mwingine kwa miezi miwili. Alimwacha baba na funguo, simu ya vibonyezo na kitabu cha mazungumzo kwa wageni. Wiki hiyohiyo Mkuu alikuta kikaratasi cha njano kimebandikwa mlangoni. Mwandiko mzuri, mistari mitatu, neno la mwisho limepigiwa mstari mara mbili, na chini yake namba ya mlango wa jirani wa ghorofa ya chini. Hakuelewa hata neno moja. Lakini mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote atashindwaje na kikaratasi?

"Jirani ananikaribisha," alimwambia mama mkubwa. "Tena kwa msisitizo."

"Basi mjibu. Usituaibishe."

Mkuu alifungua kitabu chake, akanakili kwenye kikaratasi chake, kwa mwandiko wa ubaoni, sentensi tatu: Asante sana. Nimefurahi. Tafadhali endelea. Akateremka ngazi, akakibandika kwenye mlango wa jirani.

Jirani akaendelea. Kikaratasi cha pili kilikuwa na mistari mitano, cha tatu kilijaa mbele na nyuma. Mkuu alivipanga kwenye mlango wa friji, na kila kimoja alikijibu kwa maneno yaleyale, kwa kuwa hayo ndiyo aliyokuwa nayo. Kufikia cha tano kalamu ya jirani ilikuwa imetoboa karatasi, jambo ambalo Mkuu alilitafsiri kuwa ni uchangamfu. Halafu ikaja barua yenye muhuri. Hiyo aliipa nafasi ya katikati, akidhani ni cheti cha ukaazi mwema.

Huku nyumbani mama mkubwa alitamba kwenye kikundi cha akina mama kwamba mumewe anaandikiana na wenyeji. Alitamba mpaka mwenzake mmoja akamwuliza swali dogo, naye akalipeleka kwenye simu ya saa saba.

"Huyo jirani ni mwanamke?"

"Ni mama mtu mzima."

"Nimeuliza, ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Na anakuandikia nini?"

"Mambo mbalimbali," alisema Mkuu. "Bado sijafika kwenye kusoma."

Mama mkubwa akakata simu. Kisha akampigia binti, akamwamuru apande treni.

Binti alifika Alhamisi mchana, akasimama mbele ya friji na mkoba wake ungali begani. Alisoma cha kwanza, akashika mdomo. Alipofika cha tatu alikuwa amekaa sakafuni, anafuta machozi.

"Baba, unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Nasogeza viti, napiga deki. Kwa nini?"

"Huyu mama ni mwokaji mikate. Anafanya kazi usiku, anarudi alfajiri, na akijilaza tu wewe unaanza kuburuta viti juu ya kichwa chake. Cha kwanza anakuomba uache, tafadhali. Cha pili anasema amekuomba kwa heshima. Cha tatu anauliza, 'Unaniambia niendelee?'"

"Na chenye muhuri?"

"Wenye jengo wanakuita kwenye kikao. Leo, saa kumi."

Mkuu alikaa kwenye kimoja cha viti hivyo, bila kukiburuta safari hii. Binti anasema hajawahi kumwona baba yake vile. Mikono yake ilikosa pa kwenda. Watu wangapi walikuwa wamejifunza kusoma mbele yake? Nusu ya mji wetu, mimi nikiwemo, tena kwa fimbo.

"Nitakusemea," binti alimwambia.

"Hapana. Nifundishe sentensi moja."

Saa kumi alivaa suti ya kustaafia, akaingia kwenye chumba cha mikutano, binti nyuma yake. Jirani alikuwa ameketi pembeni, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, ameshika majibu yote matano. Mwenyekiti alikuwa hata hajafungua jalada. Mkuu alisimama, akamtazama yule mama, akasema kwa lugha ya pale, polepole: "Samahani. Mimi sijui kusoma."

Yule mama alimgeukia binti. "Hata herufi?"

Binti akatafsiri. Mkuu akajibu, "Herufi ninazo. Maneno sina."

Yule mama alivitazama vile vikaratasi vya endelea, endelea, endelea. Akacheka mara moja, kwa pua, akavirudisha mkobani. Kikao kikaisha kwa azimio kwamba viti vivalishwe vipande vya zulia miguuni, na Mkuu akavivalisha jioni ileile.

Msidhani wakawa marafiki. Mama wa mikate hakuwa na mpango huo. Zulia liliponyamazisha viti, aligundua bomba la Mkuu linadondosha maji, mlango wake unajibamiza, na redio yake ina maoni mengi. Aliendelea kuandika, ila sasa kwa herufi kubwa, maneno mafupi, sentensi moja tu kwa siku. Mkuu akanunua kamusi. Kila kikaratasi kikawa somo la siku, na daftari lililokuwa na madirisha na mapipa likajaa vitenzi. Kufikia katikati ya mwaka hakuweza kuomba chumvi dukani bila kunyoosha kidole, lakini kwa kulalamika alikuwa amebobea.

Kazini, mfagiaji wa ghorofa ya nne alikuwa ameacha kazi, na msimamizi akamwongezea Mkuu ghorofa hiyo, "kwa wiki moja tu." Wiki moja ilikuwa imefika ya tisa. Wenzake walimshauri avumilie. Yeye alichukua kikaratasi cha njano, akaandika: "Nimekuomba kwa heshima. Hii si mara ya kwanza. Nasubiri jibu leo." Neno la mwisho akalipigia mstari mara mbili, akakibandika kwenye mlango wa ofisi ya msimamizi.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na mfagiaji mpya ghorofa ya nne.

Siku hiyo, saa saba, msimamizi aliingia chumba cha mifagio, akafunga mlango nyuma yake. Mkuu akainuka kwenye ndoo.

"Nani alikuandikia kile kikaratasi?"

"Mimi."

"Usinidanganye. Ile ni lugha ya bibi wa hapahapa, aliyeamshwa vibaya."

"Ni mimi," Mkuu alisema. "Nina mwalimu."

Msimamizi alijikuna shingo, akatazama mifagio. Naye alikuwa mgeni kwenye nchi ile, mwaka wake wa kumi na mbili. Kuongea aliongea vizuri kuliko redio. Kuandika alimwachia mkewe, na sasa walikuwa wameachana. Akatoa mfukoni barua ya wenye nyumba wake iliyokunjwa mara nne, akauliza kwa sauti ya chini kama Mkuu angeweza kumsaidia kujibu.

Mkuu akapindua ndoo ya pili, akamwelekeza akae.