Njuga za Crispín

"Engracia, hivi komadre wako anatafuta nini kule mlimani?" jirani yangu Tomasa aliniuliza siku moja tukianua nguo. "Anakwenda na mfuko mtupu, anarudi na mfuko mtupu. Au amepata mchumba?"

Nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Nicolasa Moroyoqui, aliyemsimamia binti yangu ubatizo, hakuwa na mchumba. Alikuwa anatafuta nondo.

Maisha yake yote alitengeneza njuga za miguuni za wacheza ngoma wetu wa sikukuu. Hutengenezwa kwa vifukofuko vya yule nondo mkubwa kama kipepeo, mwenye madoa manne kama vioo mabawani. Wakati wa mvua kiwavi wake hula majani hadi anenepe, kisha hujifunga ndani ya hariri yake na kulala kiangazi chote. Nicolasa alivikata vifukofuko buu akiwa bado ndani, akamtoa, akatia vijiwe vile ambavyo sisimizi huvirundika mlangoni kwao, akavishona kwenye kamba. Lakini kila kichaka alikiachia vingine. Mama yake alimfundisha hivyo, kwa kuwa nondo akishatoka hana hata mdomo wa kulia chakula. Ana siku chache tu za kumpata mwenzake, kutaga na kufa.

Mwanawe Crispín alikuwa mcheza ngoma. Alifanya kibarua kwenye mashamba ya mboga bondeni mpaka figo zikaharibika. Akaweka nadhiri kwamba atacheza sikukuu ya Utatu Mtakatifu. Sikukuu ilipokaribia, alifungua sanduku akakuta panya wametafuna njuga zake.

"Si uazime zile za makopo kwa vijana?" nilimwambia.

"Mama Engracia, nicheze na makopo? Watakatifu watadhani mbuzi kaingia jalalani!" Alicheka mpaka akashika kiuno kwa maumivu.

Nicolasa akapanda mlimani. Vichaka vilikuwa vimefyekwa ili ng'ombe wapate majani. Vilibaki vya mteremko mmoja tu. Njuga huzungushwa mguuni kutoka kwenye kifundo hadi karibu na goti, na vifukofuko vya pale vilikuwa vinatosha jozi moja, bila kuacha hata kimoja. Alisali palepale. Kisha akakata vyote.

Nilimsaidia kushona. Mabuu walikuwa kwenye beseni, wanajinyonganyonga.

"Usiwatazame," akaniambia.

Crispín alicheza. Akachoka, akakaa, akainuka tena, na miguu yake ikalia kama manyunyu juu ya majani makavu. Nadhiri aliitimiza. Mvua hazikumkuta, tulimzika na njuga zake miguuni.

Mvua zikaja, vichaka vikachipua, lakini kwenye taa ya kanisa hakutua nondo hata mmoja. Wala mwaka uliofuata. Tangu hapo Nicolasa hupanda mlimani, anageuza jani moja moja akitafuta mayai.

"Mungu hakuhesabii hilo kuwa dhambi, mama," padre alimwambia.

"Najua, padre. Ila nilimnyang'anya nondo nikampa mwanangu, na sasa sina hata mmoja."

Juzi alipita kwangu ametoka huko, miguu imejaa tope. Nilimpa kiti, akakataa. Alisimama mlangoni akiutazama ukuta wangu, pale taa inapomulika.

"Komadre," alisema, "ukimwona hata mmoja, usimguse, wala usizime taa. Njoo uniite."