Bi Saumu karudisha sahani tupu

Naandika mbiombio, mnisamehe nikikosea herufi.

Leo mchana Bi Saumu, jirani yetu hapa mtaani Shika Adabu, kamrudishia mama yangu sahani. Tupu! Jamani, miaka yote hii sahani haijawahi kurudi bila hata kipande cha mkate wa sinia.

Nikajua kashasomewa hadithi yangu, ile iliyo kwenye kitabu kilichotoka wiki hii.

Mwanamke wa hadithi anamwacha mtoto mchanga kitandani, anatoroka, anarudi siku ya tatu. Nilimpa jino la dhahabu na cherehani barazani.

Jino ni la Bi Saumu. Cherehani pia.

"Mimi nilimtupa mwanangu lini?" akaniuliza. "Mtaa mzima waniangalia. Sema, lini?"

Wallahi kisa si chake. Nilichukua sura yake ili nimfiche mwenye kisa, nikadhani huo ndio ufundi.

Na mwenye kisa alikuwa amekaa pale pale mkekani, anachambua mchele.

Mama akaweka ungo chini.

"Bi Saumu, niwie radhi. Ni mimi. Na mtoto ndiye huyu."

Mama hakujua kuwa najua. Marehemu shangazi ndiye aliyeniambia.

Bi Saumu kaondoka. Mama kaurudia mchele wake, hata hakuniangalia.

Nyie mnaoandika ya nyumbani, huanzia wapi kuomba radhi? Nijibuni upesi, maana mama kaniita sasa hivi:

"Lete hicho kitabu unisomee. Na usiruke mahali."