Samaki wa Chumba cha Nne

Mpanga kurasa alishazoea kubebeshwa lawama katika nyumba ile, kuanzia sukari kuisha hadi mvua kutonyesha, lakini hili la kompyuta lilimfika kooni. Asubuhi, akishaiwasha, mashine huwa tulivu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Ikishapita saa ya chakula cha mchana, feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga, na herufi anayoibonyeza inatokea akiwa keshaisahau. Jioni ya siku ile mchapaji alikuwa akikisubiri kitabu cha hesabu cha darasa la tatu. Kisipofika, kazi angepewa mwingine, na huyo mwingine alikuwa ameanza kumjulia mchapaji hali kwa upendo wa ghafla.

Mumewe alikuwa mpima ardhi, mtu mwenye jibu la kila swali, hasa lile asiloulizwa. Alitoa hukumu akiwa anafunga kamba za viatu: mashine imechoka kwa sababu mke wake hajui kuzima. Jioni angemleta fundi aifute yote, waanze upya. Kwamba ndani ya hiyo "yote" kulikuwa na darasa la tatu zima, hilo halikuzuia kamba kufungwa.

Mke alikuwa na hasira za kutosha, na hakuona sababu ya kuzipoteza kwa mtu anayechelewa kazini.

Mchana aliporudi kutoka jikoni, ngurumo ilikuwa pale pale. Safari hii hakuipiga mashine kofi la ubavuni. Alifungua orodha ya programu zinazoendelea, akaipanga kwa kuangalia ipi inakula zaidi prosesa, ubongo wa mashine. Programu yake ya kupanga kurasa ilikuwa huko chini, inakula makombo. Juu kulikuwa na jina moja, limejirudia mstari baada ya mstari: samaki wa mapambo.

Akaelewa, na hasira ikapanda ngazi nyingine. Mume alipoiwekea kompyuta mfumo wa Linux aliwaeleza kuwa una vyumba vinne, kurasa nne za kioo ambazo kila mtu angefungulia mambo yake. Cha kwanza cha mke, cha nne cha mama yake mume, pamoja na samaki wake wa kutazama. Mke hakuwahi kukichungulia cha nne. Chumba cha mama mkwe hakiingiwi bila hodi, hata kikiwa ndani ya kioo cha kompyuta.

Basi akapiga hodi. Mama mkwe alikuwa kibarazani.

"Mama, wale samaki wako unaowatazama nikiwa jikoni, ukimaliza unawafanyaje?"

"Nazima, mwanangu. Nazima kioo, nafunika kitambaa. Ila siku hizi wavivu kuja. Nabofya, hawaji, nabofya tena, mpaka waone haya."

Kila bofyo lilikuwa limefungua bahari mpya juu ya ile ya kwanza, na bahari zote zikaendelea kuogelea chini ya kitambaa cha kufuma. Mke aliomba ruhusa ya kuzifunga. Mama akamwambia kesho, akishamaliza kazi, amfungulie ile moja yenye samaki wa njano. Zilipofungwa, feni ikanyamaza kama mgeni aliyekumbushwa njia ya kwao, na darasa la tatu likamfikia mchapaji jua likiwa bado juu.

Mume akaingia na fundi. Akasikiliza ule ukimya, akaweka mikono kiunoni.

"Si unaona? Ilitaka kupumzika tu. Fundi, mwelekeze huyu jinsi ya kuzima."

Mke alifungua kinywa, lakini sauti ilitoka mlangoni.

"Nielekeze mimi," alisema mama. "Samaki ni wangu. Na aliyenifundisha kwamba kuzima ni kubonyeza kitufe cha kioo na kufunika kitambaa ni wewe, ukiwa umesimama hapo hapo, mikono hiyo hiyo kiunoni."

Mpima ardhi aliishusha mikono, mmoja mmoja. Fundi aliomba maji ya kunywa. Mke ndiye aliyekwenda kuyaleta, na njiani alibaini kuwa bado ana hasira: maneno yale yale, yangetoka kinywani mwake, yangekuwa utovu wa adabu.